Mosi Hakugusa Waya

Kila siku saa tisa na nusu, Editha na Mosi walitoka shule pamoja, wakapanda pamoja njia ya vumbi mpaka Bigwa, wakaingia pamoja kwenye lango la nyumba ya mzee Kasimiri. Wakishapita lango, njia zao ziliachana. Editha alivua sare, akala chakula kilichofunikwa mezani, akajinyoosha kitandani. Mosi alivua sare, akachukua ndoo mbili, akateremka bombani.

Si kwamba Mosi alikuwa mtumishi. Mama yake, Martina, alikuwa dada wa Kasimiri, tumbo moja. Baba yake alikwisha kufariki, na Martina alibaki Matombo akilima migomba na pilipili manga kwenye miteremko ya Uluguru. Mosi alipofaulu vizuri darasa la nne, Kasimiri alipanda mwenyewe hadi Matombo.

"Dada, nipe huyu mtoto," alisema. "Kwetu mtoto ni wa mjomba. Nitamsomesha."

Martina akamfungia binti yake nguo ndani ya kanga, akamkabidhi. Kwa hiyo Mosi aliingia Bigwa akijua kwamba amekuja kwao. Lakini kazi zilimwandama taratibu. Kwanza yalikuwa maji, kisha vyombo, kisha kudeki, mwishowe hata ugali wa jioni ukawa wake. Hakulalamika. Alisoma baada ya kazi zote kwisha, na matokeo yalipobandikwa ukutani, jina lake lilikuwa la kwanza au la pili. Editha, wa darasa hilohilo la sita na umri huohuo wa miaka kumi na miwili, alilitafuta jina lake kuanzia katikati kushuka chini.

Kasimiri zamani alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipobinafsishwa mashine zilisimama, na yeye na wenzake wakapewa barua za kuachishwa kazi. Wengine walifungua vibanda Msamvu. Yeye alinunua kompyuta iliyokwisha kutumika, akajifunza kuandika kwa vidole viwili, kisha vinne. Sasa, mwaka 2006, kampuni moja ya televisheni ya kebo ilikuwa imevuta nyaya zake mpaka Bigwa, na waya uleule ulileta na intaneti. Wakulima wa viungo wa Matombo walimfanya Kasimiri kuwa katibu wa kikundi chao. Mchana alikuwa ghalani. Saa kumi na moja jioni alikaa sebuleni akiwaandikia barua pepe wanunuzi wa ng'ambo. Kando ya kompyuta kilikaa kisanduku cheusi, modemu, chenye taa nne za kijani. Taa hizo zikitulia, barua zilikwenda. Zikipepesa, hakuna kilichokwenda.

Televisheni ya sebuleni haikuwashwa siku za shule. Hiyo ilikuwa amri ya Kasimiri, na haikuwa na rufaa.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Mwaka huo kulikuwa na tamthilia ya kigeni iliyooneshwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na moja jioni, na shuleni asubuhi wasichana hawakuzungumza jambo lingine. Pendo, rafiki wa Editha, aliigiza hata namna mhusika mkuu alivyolia. Editha akiuliza, "Kwa nini alimwacha?" wenzake walitazamana.

"Huyu hajaona," Pendo alisema siku moja. "Kwao TV ni pambo."

Wote walicheka. Mosi, aliyekuwa amekaa kando akisahihisha hesabu zake, hakucheka, na hilo lilimuuma Editha kuliko kicheko chenyewe. Aliona kama anahurumiwa.

Nyuma ya nyumba palikuwa na stoo ya magunia. Humo ndani waya wa kebo uliingia kutoka kwenye nguzo, na humo fundi alikuwa amefunga kifaa kidogo cha kugawa waya, ambacho mafundi hukiita splita. Tawi moja lilikwenda kwenye televisheni ya sebuleni, jingine kwenye modemu. Humohumo pia kilitupwa kitelevisheni cha zamani, kioo kikubwa kama sahani, bado kizima. Editha alitazama, akafikiri. Kwenye kibanda cha vyuma chakavu Msamvu alipata splita nyingine yenye kutu na kipande cha waya wa antena. Hakuna aliyemfundisha. Alifungua tawi la modemu, akachomeka splita yake hapo katikati, akasokota nyuzi za waya kwa meno, na picha ikatokea.

Tangu siku hiyo, saa kumi na moja kasorobo alijifungia stoo akisema anajisomea kwenye utulivu. Alisikiliza kwa sauti ya chini kabisa. Tamthilia ikiisha alifungua splita yake, akaunga tena waya wa modemu kama ulivyokuwa, akafunika kila kitu kwa gunia. Na kila siku saa kumi na moja jioni, sebuleni, taa za modemu zilianza kupepesa.

Wiki ya kwanza Kasimiri alizima na kuwasha. Wiki ya pili aliipiga modemu kwa kiganja. Mnunuzi mmoja Mjerumani, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa akiulizia pilipili manga ya Matombo, aliandika kwamba anashangaa kwa nini majibu yanachelewa hivyo.

Jioni moja ya Alhamisi Kasimiri alisimama katikati ya sebule na kuita watu wote. Mkewe, Agnes, alitoka chumbani. Mosi alikuja na kitambaa cha kudekia mkononi. Editha alikuja wa mwisho, vumbi la gunia likiwa bado kwenye sketi yake.

"Nani anagusa vitu vyangu?" Kasimiri aliuliza.

Macho ya baba yalianzia kwa Agnes, yakapita kwa Mosi, yakaanza kuelekea kwa Editha. Editha aliyahisi yakija, akasema kabla hayajafika:

"Mosi akideki huwa anasukuma ile meza, baba. Waya unavutika. Nimeshamwona mara nyingi."

"Mimi?" Mosi alisema. "Mjomba, mimi sijasukuma meza. Nadeki kwa kuzunguka."

"Kwa hiyo mwanangu mwongo?"

Mosi alimtazama Editha. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kupita mlangoni. Editha akainamisha kichwa.

Juu ya kabati palikuwa na kipande cha waya mweusi wa kebo, kilichobaki siku ile kebo ilipofungwa. Kasimiri alikitwaa. Alimchapa Mosi miguuni, na waya ule ni mzito, una chuma ndani yake. Pigo la tatu lilipasua ngozi juu ya kifundo cha mguu. Mosi hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza, na pumzi zake zilitoka kwa kukatika. Agnes alisema, "Baba Editha, inatosha," lakini alisema kwa sauti ndogo, tena baada ya pigo la tano.

"Kuanzia leo usitie mguu sebuleni," Kasimiri alisema. "Utakula jikoni, utasoma jikoni."

Editha alisimama palepale mpaka kila mtu alipoondoka. Alijiambia kwamba atasema kesho. Kesho yake aliona ni afadhali kusema keshokutwa.

Jumatatu asubuhi fundi alikuja. Kasimiri alitarajia mwanamume, lakini aliyeshuka kwenye pikipiki alikuwa dada mmoja mwembamba aliyejifunga ushungi chini ya kofia yake ngumu, na ngazi aliibeba mwenyewe begani. Aliitwa Asha. Shule zilikuwa zimefungwa siku hiyo kwa mkutano wa walimu, hivyo Editha alikuwapo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi. Tuone kuna nini."

Alikaa kwenye kompyuta, akaandika namba fulani pale juu. Ukatokea ukurasa uliojaa majedwali.

"Modemu yenyewe inajieleza, mzee," alisema. "Hii namba ni nguvu ya mawimbi yanayokuja kutoka kituoni kwetu. Tunaipima kwa desibeli. Sifuri ni nzuri sana. Ikishuka mpaka hasi nane bado tunavumilia. Chini ya hapo ni matatizo. Yako sasa hivi ni hasi mbili. Na hii hapa chini ni nguvu ambayo modemu yako inatumia kujibu. Inajibu kwa arobaini na moja, bila kujikaza. Haina ugonjwa."

"Jioni inakatika."

"Jioni tu?"

"Jioni tu, saa kumi na moja."

Asha alikunja uso. Alipanda kwenye nguzo akapima, akashuka akapima ukutani, akaingia stoo akapima kwenye splita ya kampuni. Kila mahali namba zilikuwa za kuridhisha. Editha alisimama mlangoni mwa stoo, akilitazama gunia. Fundi alikaza viungio kwa spana, akafuta mikono.

"Sioni kosa, mzee. Labda kuna mahali waya ulilegea. Nimekaza vyote. Ikikatika tena, nipigie saa hiyohiyo, usingoje."

Kwa hofu, Editha hakukaribia stoo wiki nzima. Kwa hiyo intaneti haikukatika hata mara moja. Kasimiri aliandika barua zake akipiga mluzi, na Jumapili, barazani, mbele ya wageni waliotoka kanisani, alinyoosha kidole upande wa jikoni.

"Mafundi wana vipimo vyao," alisema, "lakini kilichotengeneza intaneti ya nyumba hii ni kiboko."

Wageni walicheka. Mosi alikuwa akipita na sinia la chai. Aliliweka mezani pasipo kumwaga hata tone, akarudi jikoni akichechemea, kwa sababu kidonda cha mguuni kilikuwa kimeanza kutunga usaha.

Usiku huo chumbani, Editha alimwona akikiosha kwa maji ya chumvi.

"Kinauma?" aliuliza.

"Unataka nikujibu nini?" Mosi alisema, akaendelea kuosha.

Wiki iliyofuata ilikuwa wiki ya mwisho ya tamthilia. Pendo alisema asiyeona mwisho ni bora asije shule. Editha akajiapiza kuwa ni siku tano tu, kisha atatupa ile splita chooni. Jumatatu akarudi stoo. Jumatatu taa zikapepesa.

Ijumaa mchana yule Mjerumani aliandika. Alikuwa tayari kununua pilipili yote ya kikundi, magunia ya wakulima sabini na wawili, lakini alitaka nakala ya cheti cha ubora kabla ofisi yake haijafungwa jioni hiyo. Kasimiri aliikuta barua saa kumi na nusu alipofika nyumbani. Cheti kilikuwa tayari ndani ya kompyuta. Aliandaa kila kitu, akaandika maneno ya heshima, akayasoma mara mbili. Saa kumi na moja na dakika tatu alibonyeza kutuma.

Haikwenda. Alibonyeza tena. Taa ya tatu ilizimika, ikapepesa, ikazimika. Kasimiri alilinakili faili kwenye diski, akakimbia barabarani kutafuta usafiri wa kwenda mjini. Kwenye duka la intaneti alikuta foleni. Zamu yake ilipofika, barua ilikwenda, na jibu alilikuta Jumamosi alfajiri: mnunuzi alishindwa kungoja, amechukua mzigo wa nchi nyingine, anawatakia kila la heri.

Kasimiri aliisoma barua hiyo akiwa amesimama. Kisha akamwita Editha.

"Jana nani aliingia sebuleni? Sema kweli."

Hilo ndilo lilikuwa swali, na mlango ulikuwa wazi. Lakini sasa ukweli ulikuwa umekua. Haukuwa tena ukweli wa splita moja yenye kutu. Ulikuwa na wakulima sabini na wawili ndani yake, na mguu wa Mosi.

"Sikumwona mtu ndani," Editha alisema. "Nilimwona Mosi nje, anaanika nguo, kwenye ule ukuta unapoingilia waya. Alikuwa anashikashika."

"Alishika?"

"Nafikiri alikuwa na hasira, kwa sababu ulimpiga."

Mosi hakupigwa mara hii. Kasimiri aliingia chumba cha wasichana, akachukua kanga, akatandaza, akatupia humo nguo zake.

"Nilikutoa kwenye matope," alisema, "ukaja kunilipa hivi. Umewanyonga na watu wa kwenu, mama yako akiwamo. Nenda kawaeleze mwenyewe."

"Mjomba, nina mtihani Jumatano."

"Kafanyie Matombo."

Agnes alilia, akamtilia mtoto maandazi kwenye mfuko. Saa moja asubuhi, pale njia ya Matombo inapoanzia, Mosi alipandishwa nyuma ya pikapu iliyokuwa ikirudi mlimani na makreti matupu. Daftari zake zilibaki juu ya meza ya jikoni. Hakuna aliyekumbuka kumpa. Editha alitazama kutoka dirishani. Jumatatu shuleni, Pendo na wenzake walipouliza Mosi yuko wapi, aliwaambia kwamba amefukuzwa kwa kuharibu mitambo ya baba. Aliposema hivyo mara ya tatu, sauti yake haikutetemeka tena.

Tamthilia ilikuwa imekwisha, lakini nyingine ikaanza. Editha alijizuia Jumatatu na Jumanne. Jumatano alirudi stoo.

Saa kumi na moja na robo sebuleni, Agnes alizitazama taa zilivyopepesa, akamgeukia mumewe.

"Mosi yuko Matombo," alisema.

"Najua."

"Na waya anaushika kutoka Matombo?"

Kasimiri aliitazama modemu. Kisha alisema kwamba yule mtoto bila shaka alikwisha kuharibu kitu ndani, lakini alilisema kwa kusitasita, akachukua simu kumpigia fundi.

Asha alifika Alhamisi saa kumi na moja na dakika kumi, bila kutoa taarifa. Mkononi alikuwa na karatasi mbili.

"Ofisini tunaziona namba za kila modemu, mzee," alisema. "Nimekuchapishia za kwako. Tazama. Asubuhi hasi mbili. Mchana hasi mbili. Saa kumi na moja jioni, hasi kumi na tano. Saa kumi na mbili, hasi mbili tena. Jumamosi na Jumapili hakuna kitu. Ile wiki niliyokuja, hakuna kitu. Waya uliolegea hauna saa, mzee, wala haupumziki Jumapili. Huyu ni mtu."

Alikaa kwenye kompyuta, akafungua ule ukurasa. Hasi kumi na tano. Chini yake, nguvu ya kujibu ilikuwa hamsini na nne.

"Inapiga kelele mpaka mwisho wa sauti yake, na kituo bado hakiisikii," alisema. "Waya ukigawanywa, kila tawi linapata pungufu. Ukigawanywa tena kwa kifaa kibovu, ndiyo haya."

Alitoka nje, akapima nguzo: nzuri. Akapima ukutani: nzuri. Akaelekea stoo. Editha alikuwa amesikia sauti yake alipotoka nje. Alikwisha kufungua splita, kuunga waya, na kutupia gunia. Asha alipofungua mlango, alimkuta ameketi juu ya ndoo na kitabu cha jiografia mapajani.

"Hujambo mdogo wangu."

"Shikamoo."

"Marahaba. Nishikie hiki kipimo, tafadhali."

Editha alikishika. Asha aliunganisha waya, na namba zikatokea kwenye kioo kidogo. Hasi mbili. Asha alitazama namba hizo, kisha alitazama chumba. Alisogea hadi kwenye gunia, akaweka kiganja juu yake, kama mama anayempima mtoto homa. Kitelevisheni kilichokuwa chini yake kilikuwa bado cha moto.

Hakulifunua. Alichuchumaa mbele ya Editha.

"Mara ile nilipokuja kulikuwa na msichana mwingine hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Mguu umefungwa kitambaa. Yuko wapi?"

Editha alikiinamia kitabu chake.

"Mama yako amenieleza yuko wapi. Sikiliza. Mimi kazi yangu ni kuandika ripoti, na nitaandika nilichokikuta. Lakini nina waya huu wa kukunja kwanza. Ukitaka baba yako asikie kutoka kwako, nenda sasa."

Alianza kukunja waya, polepole, akimpa mgongo.

Hatua kutoka stoo mpaka sebuleni hazizidi ishirini. Editha alizipita akiwa amebeba splita ile mkononi, kutu ikimchafua vidole. Aliiweka mezani mbele ya baba yake.

"Ni mimi," alisema. "Tangu mwanzo ni mimi. Mosi hakugusa waya. Hakusukuma meza, na siku ile hakuwa ukutani. Nilikuwa naangalia TV."

Alisubiri kipigo. Alikaribia kukitaka. Kasimiri aliinua ile splita, akaigeuzageuza, akaiweka. Kisha alikaa chini, akafunika uso kwa mikono ile aliyompigia mtoto wa dada yake, na mabega yake yakaanza kutikisika. Editha hakuwahi kumwona baba yake akilia. Alitamani angechapwa.

Jumamosi walipanda Matombo, baba, mama na mtoto, kwenye pikapu iliyorushwarushwa na mawe mpaka wakasikia meno yakigongana. Editha alipakata daftari za Mosi. Walimkuta Martina uani akichagua pilipili kwenye mkeka. Sehemu kubwa ya mkeka ilikuwa tupu. Mlanguzi alikwisha kupita kijijini na kuzoa mzigo kwa bei aliyotaka mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mnunuzi mwingine. Mosi alikuwa kando ya mama yake. Kidonda kilikuwa kimefunga, kikaacha kovu refu, jeusi, lililokunjamana.

Editha alipiga magoti kwenye mchanga, akasema yote, bila kuruka la splita wala la ukutani wala la shuleni. Martina hakuacha kuchagua pilipili. Maneno yalipokwisha, Mosi ndiye aliyezungumza.

"Nilijua," alisema. "Nilisikia TV tangu wiki ya kwanza, nikipita na ndoo."

"Kwa nini hukusema?" Kasimiri aliuliza.

"Nilisema sijasukuma meza, mjomba. Uliniuliza kama mwanao ni mwongo."

Kasimiri aliinama. Baadaye aliomba msamaha, kwa dada yake na kwa mtoto, akaomba arudi naye mjini siku hiyohiyo. Mosi alizipokea daftari zake, akazipangusa vumbi.

"Nimekusikia, Editha," alisema. "Lakini leo siendi. Shuleni wanasema niliharibu mitambo. Kwanza kawaambie wao kama ulivyoniambia mimi."

Jumatatu Editha alimwomba mwalimu wa darasa, Mwalimu Castory, nafasi ya kusema. Alisimama mbele ya wanafunzi hamsini na nane, akasema. Pendo alicheka peke yake, kisha akanyamaza. Kwa wiki nyingi hakuna aliyekaa naye dawati moja kwa hiari yake. Nyumbani alichota maji yeye, akadeki yeye, na hakuna aliyemwambia ahsante. Kasimiri alizunguka na Editha kwa wakulima mmoja baada ya mwingine, akawaeleza kwa nini mnunuzi aliwaponyoka. Wengine walimtukana mbele ya mwanawe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda nyumba inayofuata.

Januari, siku moja kabla ya shule kufunguliwa, Martina alishuka Bigwa akiwa ameongozana na binti yake. Agnes alitenga chakula sebuleni, na Mosi akaketi mezani na wengine. Taa nne za modemu zilikuwa zimetulia. Chakula kilipokwisha, Martina alinawa mikono.

"Namrudisha kwa sababu anataka kusoma," alisema, "si kwa sababu nimesahau. Kovu halitoki mguuni kwake, na pilipili yetu haitarudi. Editha, ulisema neno moja ili kujiokoa kwa jioni moja, na neno hilo lilimpiga mwenzako, likamfukuza, likawafikisha watu sabini na wawili mahali walipofika. Ungelisema kweli siku ya kwanza, ungechapwa wewe, na jambo lingeishia hapo. Uongo hauwekwi akiba ili uukanushe kesho. Kesho unakuta umeshakuwa mkubwa kuliko wewe." Akamgeukia Kasimiri. "Na wewe, kaka, ulimwita fundi apande mpaka juu ya nguzo kutafuta ukweli wa waya. Mtoto alikuwa amesimama mbele yako, hukumwuliza mara mbili. Kuanzia leo, kabla hujanyanyua mkono katika nyumba hii, uliza, sikiliza, uliza tena."

"Nimesikia, dada," Kasimiri alisema.

Mosi alisimama kutoa vyombo. Editha aliinuka upesi, akalishika sinia.

"Niachie mimi," alisema.

Mosi alimtazama, akaliachia sinia, akarudi kuketi kando ya mama yake.